Lewiston 1965: maswali matatu ndani ya ngumi moja

Pambano la marudiano kati ya Muhammad Ali na Sonny Liston lilimalizika ndani ya dakika mbili na sekunde kumi na mbili, na sehemu ya muda huo mwamuzi mwenyewe hakujua afanye nini. Lilipigwa usiku wa tarehe 25 Mei 1965 katika ukumbi wa mpira wa magongo wa barafuni mjini Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Tangu usiku ule mashabiki wa ngumi wamegawanyika. Wako wanaoapa kwamba Liston aliuza pambano, na wako wanaoapa kwamba alipigwa kihalali. Miaka sitini imepita na ubishi bado mbichi, kwa sababu kila upande unajibu swali lake na kudhani wa pili anajibu hilohilo.

Maswali yenyewe ni matatu. Ngumi ilimpata Liston au haikumpata? Baada ya kuanguka, alishindwa kuinuka au alikataa kuinuka? Na je, pambano lilimalizwa kwa kufuata kanuni? Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la tatu bila kujipinga. Ukiyachanganya, unabaki na kelele za kijiweni.

Lakini kwanza tuone kwa nini watu walishaanza kununa kabla ya kengele kulia.

Sisi wengi huku Ali tunamjua kwa Kinshasa, ile alfajiri ya Oktoba 1974 alipomlaza George Foreman. Ali wa 1965 alikuwa mtu mwingine: kijana wa miaka 23, mdomo haufungi, na Wamarekani wengi hawakumpenda hata kidogo. Februari 1964, akiitwa bado Cassius Clay, alikuwa amemvua Liston ubingwa wa dunia wa uzito wa juu huko Miami Beach. Wacheza kamari walikuwa wamempa Liston nafasi ya saba kwa moja. Na haikuwa bure. Liston alikuwa amempiga Floyd Patterson raundi ya kwanza mwaka 1962 akachukua mkanda, wakarudiana 1963, akampiga tena raundi ileile ya kwanza. Hayo marudiano hakuna aliyeyanung'unikia, maana kila mtu aliziona ngumi zikitua na alijua mpigaji ni nani.

Kule Miami Liston alimaliza raundi ya sita, akakaa kwenye kiti chake, na kengele ya raundi ya saba ilipolia hakuinuka. Alisema bega la kushoto limeumia. Malipo yake yalizuiwa hadi madaktari walipompima na kukuta kweli kuna jeraha kwenye bega hilo. Hata hivyo wengi hawakuridhika. Bingwa wa aina yake, mtu aliyewahi kupigana na taya lililovunjika mwaka 1954, ajiuzulu kwa ajili ya bega?

Kisha yakaibuka mambo ya mkataba. Kampuni ya Inter-Continental Promotions, ambayo Liston mwenyewe alikuwa na hisa ndani yake, ilikuwa imelipa dola 50,000 kabla ya pambano la Miami ili iwe na haki ya kuandaa pambano litakalofuata la Clay endapo angeshinda. Yaani bingwa alikuwa na maslahi ya kibiashara katika ushindi wa mpinzani wake. Watetezi wa mkataba walisema ni kinga ya kawaida ya biashara, na kwa kweli mapatano ya marudiano yalikuwepo siku nyingi katika ngumi, ila harufu yake haikuwa nzuri. Chama cha ngumi cha dunia, WBA, kilichukia mpango huo wa kurudiana moja kwa moja, kikamvua Ali ubingwa wake wa upande wa WBA, na Machi 1965 Ernie Terrell akautwaa kwa kumshinda Eddie Machen. Kwa hiyo Ali na Liston walipoingia Lewiston, mmoja wa wakubwa wa mchezo alishajitoa kwenye shughuli yenyewe.

Liston naye alikuwa na historia inayomtangulia kila mlango. Alijifunza ngumi gerezani Missouri alikokuwa amefungwa kwa unyang'anyi, na mambo yake ya kikazi yalihusishwa na majambazi wa New York na Philadelphia, Frankie Carbo na Blinky Palermo, watu waliokuwa wanaendesha ngumi za Marekani kwa mlango wa nyuma. Hata umri wake haukujulikana sawasawa. Kwenye karatasi alikuwa na miaka thelathini na kitu, na wapo waliomwangalia wakasema huyu anagonga arobaini.

Marudiano yalipangwa kufanyika Boston tarehe 16 Novemba 1964. Siku tatu kabla, Ali akakimbizwa hospitali kwa ngiri iliyojinyonga, akafanyiwa upasuaji wa dharura. Waliokuwa kambini kwa Liston walisema hajawahi kuwa fiti kama mwezi ule; kuahirishwa kulimvunja nguvu kuliko ngumi yoyote. Lilipopangwa upya kwa Mei, mwendesha mashtaka wa wilaya ya Boston, Garrett Byrne, akaenda mahakamani kulizuia, hoja yake kubwa ikiwa kwamba waandaaji hawakuwa na leseni ya jimbo la Massachusetts. Zikiwa zimebaki chini ya wiki tatu, waandaaji wakafungasha virago na kuhamia Lewiston, mji wa viwanda wenye watu wapatao 41,000, ambako gavana wa Maine, John Reed, alilipokea pambano kwa mikono miwili.

Tangu bingwa Jack Dempsey apigane Shelby, Montana, mwaka 1923, ubingwa wa uzito wa juu haukuwahi kugombewa katika mji mdogo namna ile. Waliohudhuria ni watu 2,434. Wengine wote waliolipa walitazama kwenye majumba ya sinema. Mwimbaji Robert Goulet alisahau maneno ya wimbo wa taifa. Na juu ya yote hayo kulikuwa na hofu ya damu. Malcolm X alikuwa ameuawa New York tarehe 21 Februari, na Ali alikuwa upande wa Elijah Muhammad, kiongozi ambaye Malcolm alifarakana naye. Uvumi ulienea kwamba wafuasi wa Malcolm wanakuja kulipiza kisasi kwa Ali, hata akiwa ulingoni. Polisi walipekua mikoba ya akina mama mlangoni. Kwa mtu kama Liston, aliyezoea watu wa bunduki, uvumi huo haukuwa hadithi ya gazetini. Risasi ikikosa lengo hujui itaishia kwa nani.

Sasa twende kwenye ngumi.

Filamu ipo, na ukiipunguza kasi unaona hivi. Liston anamfuata Ali, anarusha mkono wa kushoto ulionyooka, na uzito wake wote unahamia mguu wa mbele, wa kushoto. Ali anaurudisha mwili nyuma kidogo, mkono wa Liston unaisha njiani, na hapohapo mkono wa kulia wa Ali unashuka kwa mkato juu ya bega la Liston na kugonga upande wa kushoto wa kichwa. Ni ngumi fupi. Haina mzunguko, haina mbwembwe, na kwa mtu aliyekuwa bado anatafuta kiti chake ilikuwa imeshapita. Kichwa cha Liston kinageuka. Mguu wa kushoto, uleule uliokuwa umebeba uzito, unanyanyuka kutoka sakafuni. Tex Maule wa jarida la Sports Illustrated aliutaja mguu huo katika taarifa yake, na mimi naona ndio ushahidi mzito kuliko yote. Mtu anayejiangusha anaweza kuigiza kichwa na magoti. Kuunyanyua mguu ulioegemewa na uzito wako mwenyewe, ndani ya sehemu ya sekunde, ni mchezo mgumu hata kwa mwanasarakasi.

Kwa hiyo swali la kwanza halina utata mkubwa. Ngumi ilitua. Jina la kejeli lililopewa, la ngumi ya mzimu, linaeleza jinsi watu walivyoikosa kwa macho, halielezi kilichotokea. Ali mwenyewe alikuwa na jina lake: ngumi ya nanga, ambayo alidai kufundishwa na mwigizaji mzee Stepin Fetchit, aliyeipata kwa bingwa wa kale Jack Johnson. Madoido ya Ali hayo, kila mtu atayapima anavyojua.

Kutua ni jambo moja na uzito ni jingine. Joe Louis, aliyekuwa bingwa miaka kumi na mbili, aliidharau ngumi ile. José Torres, bingwa wa uzito wa chini yake wakati huo, aliisifu kuwa safi kabisa. Hawa wote wawili walikuwa wameishi kwa kupiga na kupigwa, na bado hawakukubaliana. Fizikia inamuunga mkono Torres kwa kiasi fulani: ukimgonga mtu anayekujia mbele na ambaye haioni ngumi, nguvu yake mwenyewe inaongezwa kwenye yako. Mabondia husema ngumi usiyoiona ndiyo inayokulaza. Liston hakuiona, alikuwa anaangalia mahali ambapo kichwa cha Ali kilikuwa sekunde iliyotangulia.

Baada ya hapo ndipo fujo ya kweli ilipoanza, na hii ndiyo sehemu ambayo watu huipita haraka wakati imebeba nusu ya kashfa nzima.

Kanuni ya kuhesabu ilikuwa hivi. Bondia akianguka, mtunza muda aliyekaa kando ya ulingo anaanza kuhesabu papo hapo. Mwamuzi kazi yake ya kwanza ni kumpeleka aliyebaki amesimama kwenye kona isiyo ya mtu. Akishafika huko, mwamuzi anageuka, anaidaka hesabu ya mtunza muda na kuiendeleza mbele ya aliyeanguka, kwa sauti na kwa vidole, ili ajue amebakiwa na sekunde ngapi. Aliyesimama akigoma kwenda konani, hesabu haiendelei. Kanuni hiyo iliwekwa kwa sababu zamani mabondia kama Dempsey walikuwa wanamsimamia mtu aliyelala, wakingoja magoti yaachane na sakafu, kisha wanamchapa tena kabla hajasimama wima.

Dempsey huyohuyo ndiye aliyelipia. Septemba 1927 huko Chicago, nalo likiwa pambano la marudiano, alimwangusha Gene Tunney raundi ya saba, akabaki anamwinamia. Mwamuzi Dave Barry hakuanza kuhesabu hadi Dempsey alipokwenda kona aliyoelekezwa. Tunney akapata kama sekunde kumi na nne za kupumua, akainuka hesabu ya tisa, akashinda kwa pointi. Hiyo ndiyo kanuni ikifanya kazi yake, hata kama mashabiki wa Dempsey hawakusamehe hadi kaburini.

Lewiston ilikuwa kinyume chake. Ali hakwenda konani. Alimsimamia Liston, mkono wa kulia umekunjwa kifuani, akimfokea ainuke wapigane. Hapo ndipo Neil Leifer, mpigapicha wa miaka 22 aliyekaa upande uliofaa, alipobonyeza. John Rooney wa shirika la habari la AP akapiga ya kwake karibu sekunde hiyohiyo. Picha ya Leifer imetundikwa kwenye vinyozi, gym na mabweni duniani kote, na watu huiangalia kama picha ya ushindi. Itazame tena kwa jicho la kanuni. Ali yupo mahali ambapo hakutakiwa kuwepo. Mwamuzi haonekani mbele yake akimzuia. Picha mashuhuri kuliko zote za ngumi ni picha ya kosa likitendeka, na pia ya mtu anayemtaka mpinzani wake asimame, jambo ambalo haliendani vizuri na njama ya kumlaza.

Mwamuzi alikuwa Jersey Joe Walcott, bingwa wa zamani wa uzito huohuo, mtu aliyeheshimika sana kama bondia. Uamuzi ni kazi nyingine. Walcott alihangaika na Ali, aliyekuwa sasa anaruka ulingo mzima mikono juu, na katika kuhangaika huko hakuidaka hesabu. Mtunza muda, Francis McDonough, alihesabu hadi kumi na kupita, huku mwamuzi hamtazami. Liston alijaribu kuinuka, akafika kwenye goti moja na glavu chini, akaanguka tena chali, akabiringika, mwishowe akasimama. Walcott akampangusa glavu kama vile pambano linaendelea.

Kisha sauti ikatoka kando ya ulingo. Nat Fleischer, mwanzilishi na mhariri wa jarida la The Ring, alimwita Walcott kumwambia kwamba Liston amekaa chini zaidi ya sekunde kumi, mambo yamekwisha. Walcott akawaacha mabondia, akaenda kusikiliza. Nyuma yake Ali na Liston wakaanza tena kupigana, bila mwamuzi, katika pambano la ubingwa wa dunia. Walcott akarudi mbio, akawatenganisha, akamnyanyua Ali mkono.

Fleischer hakuwa ofisa wa pambano lile. Alikuwa mwandishi wa habari. Anajua ngumi kuliko karibu kila mtu ukumbini, sawa, lakini ubingwa wa dunia uliamuliwa kwa neno la mwandishi aliyeketi na kalamu yake. Halafu likaja tangazo la muda rasmi: dakika moja. Filamu inaonyesha Liston alianguka kwenye dakika moja na sekunde 44, na pambano likasimamishwa dakika mbili na sekunde 12. Hata saa hawakuisoma sawasawa.

Kwa hiyo swali la tatu, la kanuni, jibu ni hapana. Kwa kuwa Ali hakwenda konani, hesabu ilitakiwa isimame, na Liston alipoinuka pambano lilipaswa kuendelea. McDonough alimlaumu Ali waziwazi kwa kurukaruka ovyo. Walcott alijitetea kwamba Liston alikuwa amepotea na kuhesabu kusingebadilisha kitu. Utetezi huo haumsaidii: kama aliona mtu hajiwezi, alikuwa na mamlaka ya kusimamisha pambano papo hapo, lakini yeye alimpangusa glavu.

Umati ulianza kupiga kelele za kuibiwa kabla Ali hajatoka ulingoni. George Chuvalo, bondia wa Kanada aliyekuwa akiisubiri nafasi yake, alipanda juu akilalamika, na kwa miaka mingi alishikilia hoja yake ya macho: alisema bondia aliyelevywa na ngumi macho yake hupanda juu, ya Liston yalikuwa yanatembea huku na huku kama ya mtu anayepima mazingira. Wanasiasa wa majimbo kadhaa wakataka ngumi zipigwe marufuku.

Linabaki swali la pili, la moyoni mwa Liston. Nadharia za kuuza pambano ziko tatu, na kila moja ina tundu. Ya kwanza, majambazi walipanga kwa ajili ya kamari. Ni kweli Liston ndiye aliyependelewa na wacheza kamari hata baada ya Miami, kwa hiyo aliyeweka fedha kwa Ali alivuna. Lakini hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa Lewiston, na nyaraka za FBI zilizowekwa hadharani mwaka 2014 zinahusu tetesi za pambano la Miami; haziui wala hazithibitishi hili la pili. Tena jambazi anayetaka kula kwa Liston anamhitaji awe hai sokoni, na kulala raundi ya kwanza kwa ngumi isiyoonekana ni njia ya uhakika ya kumfanya asiuzike tena. Ukitaka kupanga, panga raundi ya saba, damu iwepo, watu waridhike.

Nadharia ya pili ni kwamba alitishwa na Nation of Islam, kundi la Elijah Muhammad. Hakuna ushahidi uliowahi kutolewa. Ya tatu haihitaji mpangaji yeyote: Liston aliangushwa kweli, akiwa chini akapiga hesabu zake, akaona hana haja ya kusimama. Hii ndiyo ninayoielewa kuliko nyingine. Liston alinukuliwa zaidi ya mara moja akisema kwamba hakutaka kuinuka wakati Ali yuko juu yake, kwa kuwa hukujua mtu yule atafanya nini. Watu walimcheka. Lakini hofu hiyo ndiyo kanuni ya kona ilitungwa kuiondoa. Ukiinuka kwa goti moja na mpinzani amesimama nusu hatua kutoka kwako, ngumi inayofuata inakukuta huna mikono. Alikuwa na haki ya kungoja mwamuzi amwondoe Ali, na mwamuzi hakumwondoa. Ukiongeza umri, miezi sita ya mazoezi yaliyopotea tangu Boston, polisi wenye bunduki mlangoni na kumbukumbu ya raundi sita za Miami, huhitaji mtu wa kumhonga.

Liston aliendelea kupigana. Alianza upya Sweden mwaka 1966, akashinda mfululizo kwa miaka mitatu. Desemba 1969 Leotis Martin alimlaza raundi ya tisa, safari hii akiwa hana fahamu kabisa, na wale waliosema kidevu chake hakiwezi kuzimwa na ngumi moja wakapata la kufikiri. Lakini nafasi ya ubingwa hakuipata tena. Mwaka 1967 Ali alipovuliwa mikanda kwa kukataa kwenda jeshini, WBA iliita mabondia wanane kugombea kiti kilichoachwa wazi. Patterson, ambaye Liston alishampiga mara mbili raundi ya kwanza, aliitwa. Martin aliitwa. Liston, ambaye tangu Lewiston alikuwa hajapoteza pambano, hakuitwa.